Athi River: Mto Unaojaa Chini ya Jua

Wengi wetu tumeuvuka mto huu bila kuujua. Atokaye Malindi kwenda Mambrui hupita juu ya daraja la Sabaki, na wakati wa masika huona chini yake maji mazito, ya rangi ya chai ya maziwa, yakisukuma magogo na matawi kuelekea baharini. Maji hayo hayakuzaliwa pwani. Mto mzima, tangu bara hadi bahari, una urefu wa kilomita 390 hivi, na njiani hubadilisha jina mara mbili: huko juu waitwa Athi, ukishakutana na mto Tsavo waitwa Galana, na ufikapo kwetu ndio Sabaki. Ukiondoa Tana, hakuna mto mrefu kuliko huu katika Kenya nzima. Safari hii tuliona vyema tuufuate kinyumenyume, hadi katika mji unaobeba jina lake la kwanza, kwa kuwa katika mji huo sasa wanaishi watoto wetu wengi, na baadhi yao wanatafuta ardhi ya kununua kando ya maji.

Athi River, ambao kiserikali umo katika manispaa ya Mavoko, kaunti ya Machakos, si mji ambao mtu huenda kutembea kwa starehe. Ni mji wa kazi. Viwanda vya saruji vimeusimamia, na vumbi lake hulala juu ya majani ya miti hadi mvua ije iyaoshe. Machinjio makubwa ya Tume ya Nyama ya Kenya yako hapo tangu miaka ya 1950. Katika eneo la viwanda vya bidhaa za kuuzwa nje, lile ambalo kila mtu huliita EPZ, maelfu ya wanawake huketi nyuma ya vyerehani wakishona nguo zinazopelekwa Marekani. Na tangu reli mpya ifunguliwe mwaka 2017, binti wa Mombasa aweza kupanda treni ile inayosimama kila kaunti akashuka Athi River siku hiyo hiyo, bila kukesha ndani ya basi. Misikiti ipo, na adhana husikika katikati ya milio ya malori ya Barabara ya Mombasa. Mwenyeji wetu, dada mzaliwa wa Lamu aliyemfuata mumewe huko, hupika wali kwa nazi anazoletewa na basi, naye anasema kuwa jambo lililomchukua muda mrefu kulizoea ni baridi ya Julai. Mji uko kiasi cha mita 1,500 juu ya bahari, na upepo wa uwandani hauna kizuizi.

Ajabu ya kwanza ya mto wenyewe ni kwamba unapoanza safari ya kwenda baharini huipa bahari mgongo. Maji yake hutoka upande wa milima ya Ngong, hushuka kwa jina la Mbagathi yakiupitia mpaka wa kusini wa Mbuga ya Taifa ya Nairobi, na hupokea vijito vya nyanda za Kitengela kabla ya kufika mjini. Kutoka hapo mto waelekea kaskazini. Waupokea mto Nairobi pamoja na taka zote za jiji, waanguka katika maporomoko ya Fourteen Falls karibu na mlima Ol Donyo Sabuk, ndipo ugeukapo kusini-mashariki na kuufuata uwanda mrefu wa Yatta. Uwanda huo ni lava iliyoganda zamani kwa urefu wa karibu kilomita 300, mojawapo ya ndefu kabisa duniani. Mtu akiutazama katika ramani atadhani kuna aliyeuchora kwa rula.

Kule chini, ndani ya mbuga ya Tsavo, ndiko Athi unakokutana na mto Tsavo, na Tsavo nao huleta maji yaliyotoka upande wa Kilimanjaro na katika chemchemi za Mzima. Kisha, kabla ya bahari, viko visima vya Baricho, vilivyochimbwa kando ya Sabaki, ambavyo maji yake hufika Malindi, Kilifi na Mombasa. Kwa hiyo yanayotendeka Athi River hayatuhusu kwa sababu ya jamaa zetu tu. Twayaoshea vyombo.

Lakini tulikwenda kwa ajili ya jambo jingine: kutaka kujua mto huu hujaaje, na kwa nini kila masika kuna watu unaowakuta wamelala.

Jibu la kwanza liko chini ya miguu. Nyanda za Athi zimefunikwa na udongo mweusi wa mfinyanzi, ule ambao wenyeji huuita udongo wa pamba, na chini yake umelala mwamba wa volkano. Wakati wa kiangazi udongo huo hupasuka nyufa ambazo mkono wa mtoto waweza kuzama. Mvua za mwanzo huingia katika nyufa hizo zikapotea, na mtu husema, “ardhi ina kiu, itanywa.” Hunywa kweli, kwa siku chache. Kisha udongo huvimba, nyufa hujifunga, na kuanzia hapo uwanda mzima huwa kama sinia: tone likianguka halina pa kwenda isipokuwa mtoni. Mvua ya wiki ya tatu yaweza kuwa ndogo kuliko ile ya wiki ya kwanza na ikaleta maji mengi zaidi. Juu ya hayo, Kitengela, Ongata Rongai, Mlolongo na Syokimau zimejaa nyumba. Palipokuwa na nyasi pana mabati, saruji na lami, navyo havinywi kitu. (Syokimau, kwa faida ya wasiojua, ni jina la mwanamke wa Kikamba ambaye masimulizi ya watu wake yasema aliiona reli kabla haijaja, akaieleza kama nyoka mrefu. Twalitaja kwa kuwa ni nadra mtaa wa nchi hii kubeba jina la mwanamke, na abiria hulitamka kila siku bila kuuliza alikuwa nani.)

Jibu la pili liko angani, mbali. Aghalabu mvua za milimani huanguka alasiri na jioni. Mtu aliyeko Athi River huwa amekaa barazani, jua linamuwakia, nguo zake zimekauka kambani, ilhali huko Ngong mbingu ni nyeusi. Maji yatachukua saa kadhaa kumfikia, na saa hizo ndizo zimpelekazo kitandani. Tulikutana na mzee mmoja wa Kikamba anayelima sukuma wiki kando ya mto, na mwenyeji wetu akamwuliza, “Mzee, utajuaje kama unakuja?” Akafuta jembe lake kwa majani kwanza, kisha akajibu, “Mama, mto huu hauji na mvua. Huja na usiku. Na ukisikia mawe yakigongana, hapo umechelewa.”

Asubuhi kavu isiyo na ukungu, kutoka katika miinuko ya nyanda hizi, mtu aweza kuiona Kilimanjaro upande mmoja na Mlima Kenya upande wa pili. Theluji ya Kilimanjaro yazidi kupungua. Zaidi ya asilimia 80 ya barafu iliyokuwapo mwaka 1912 imetoweka. Kwetu theluji ni pambo la mbali, kitu cha kalenda. Lakini ziko nchi ambako theluji huua kama mito yetu iuavyo. Huko Uswisi na Austria, ambako baadhi ya ndugu zetu wamehamia, watu huogopa maporomoko ya theluji: mlima mzima wa weupe huachia ghafla na kushuka kwa mwendo wa gari moshi, ukifunika kila kilicho mbele yake. Watu wa nchi hizo wamejifunza mambo ambayo twaona yanatufaa hata sisi tusio na theluji.

Hatari ya theluji, wanasema, haiko juu. Iko katika tabaka dhaifu lililofunikwa. Theluji ya leo huwa nzuri machoni, laini, yang'aa chini ya jua, na siku baada ya dhoruba, mbingu ikishatakata, ndiyo siku inayowavuta watu kwenda kuteleza. Chini yake kuna chembe za wiki zilizopita ambazo hazikushikana. Mteremko ukiwa wa nyuzi 30 hadi 45, uzito wa mtu mmoja watosha kuukata. Kati ya kila watu kumi wanaokumbwa, tisa hivi huwa wameyaanzisha maporomoko wao wenyewe au mwenzao waliyefuatana naye. Kwa sababu hiyo, tangu mwaka 1993 nchi za Ulaya zimekubaliana kutumia kipimo kimoja cha hatari chenye daraja tano, na kila siku ya baridi kali hutolewa taarifa: leo ni daraja ya pili, kesho ya nne. Watu huisoma jioni, wakiwa bado wana joto la nyumbani, na huamua kabla hawajafunga viatu. Hawangoji wafike mlimani ndipo washauriane, kwa kuwa wanajua kuwa mtu aliyekwisha kufika hupenda kuendelea.

Mtu akiyaweka maneno hayo kando ya mto Athi, hana haja ya kubadilisha mengi. Udongo uliolowa ndilo tabaka letu lililofichika. Jua la asubuhi baada ya usiku wa mvua za Ngong ndilo weupe wetu unaong'aa. Na taarifa tunazo: Idara ya Hali ya Hewa ya Kenya hutoa utabiri wa kila siku na kila wiki, na hutoa tahadhari mvua kubwa inapotarajiwa. Tatizo ni kuwa tunazisoma kama habari za mahali pengine. Mkazi wa Athi River huangalia utabiri wa Machakos, akaona “manyunyu,” akalala. Yampasa aangalie Ngong na Kajiado, kwa kuwa huko ndiko mto wake unakotoka.

Mwaka 2024 uliwafundisha wengi kwa gharama kubwa. Mvua za vuli za 2023, zilizokuja na El Nino, zilikuwa zimeishibisha ardhi. Masika ya Machi hadi Mei yakaikuta imeshiba. Mwishoni mwa Aprili maji yaliingia katika mitaa ya mabondeni ya Nairobi na ya Athi River, na familia zikatolewa kwa mashua kutoka katika nyumba ambazo matangazo ya mauzo yalikuwa yamezisifu kwa mandhari ya mto. Alfajiri ya tarehe 29 Aprili, karibu na Mai Mahiu, katika Bonde la Ufa, maji yaliyokuwa yamejikusanya nyuma ya tuta la reli, baada ya njia yake ya chini kuzibwa na takataka, yalipasua na kushuka na mawe na miti. Makumi ya watu walifariki, wengi wao wakiwa usingizini. Katika Afrika Mashariki sijui, na hatudhani yupo ajuaye, kitu kinachokaribia zaidi maporomoko ya theluji kuliko usiku ule. Kwa nchi nzima, masika hayo yaliua zaidi ya watu 200.

Hao wa Mai Mahiu hawakuchagua kitu. Lakini wako waliochagua, au waliochaguliwa. Tarehe 4 Desemba 2021, huko Mwingi katika kaunti ya Kitui, basi lililobeba wanakwaya waliokuwa wakienda arusini liliingia katika maji ya mto Enziu uliokuwa umefurika juu ya daraja. Watu walikuwa ukingoni wakitazama. Basi lilikwenda hatua chache, likayumba, likalala. Waliokufa walipita 30. Kila tunapoikumbuka habari ile, hatumfikirii dereva peke yake. Twawafikiria wanawake waliokuwa ndani wamepakata watoto, ambao bila shaka baadhi yao waliyaona maji na moyo ukawaambia kitu.

Hapo ndipo tulipozungumza kwa muda mrefu zaidi nyumbani kwa mwenyeji wetu, baada ya Isha, wanaume wakiwa bado msikitini. Nani ndani ya gari ana haki ya kusema “simama, nishushe”? Katika matatu, mwanamke akisema hivyo atachekwa na utingo; katika gari la mumewe ataambiwa ana woga; katika gari la harusi ataambiwa anachelewesha bibi arusi. Jirani mmoja alisimulia kuwa aliwahi kushuka na wanawe wawili kwenye kivuko cha kijito upande wa Kitengela, akasimama mvuani saa mbili, na gari alilolikataa likavuka salama. “Walinicheka mpaka leo,” akasema. Tukamwuliza kama angeshuka tena. Akatutazama kana kwamba hatukusikia swali letu wenyewe. “Ningeshuka, dada zangu. Gari lile lilivuka kwa bahati, na bahati si nauli.”

Sisi twaona kuwa kicheko kile ndicho cha kuondolewa kwanza, kabla ya mitaro na madaraja. Wapanda mlima wa Ulaya wana desturi kuwa mmoja akisema turudi, wote hurudi, wala hadaiwi sababu. Kwetu, tuliofundishwa kuwa ngamia hufungwa kwanza ndipo mtu akatawakali, haipaswi kuwa desturi ngeni. Mume na mke wakubaliane siku ya jua, si ukingoni.

Vipimo navyo vyafaa vijulikane na kila mama, kama tunavyojua vipimo vya unga. Maji yaendayo kasi yakiwa na kina cha sentimita 15, yaani kupita kidogo kifundo cha mguu, yaweza kumwangusha mtu mzima. Yakifika sentimita 30 yaweza kuliinua gari dogo. Yakifika sentimita 60, ambayo ni kama magoti na kidogo, huyachukua magari mengi, hata yale makubwa yanayosifiwa kwa kwenda porini. Meta moja ya maji kila upande ina uzito wa tani nzima, na tani hiyo yatembea. Tena rangi ya maji haionyeshi kama barabara bado ipo chini yake.

Habari ya ploti ndiyo iliyotufikisha huko hasa. Mwenyeji wetu na mumewe walikuwa wameweka akiba kwa miaka, sehemu yake ikiwa fedha za chama cha kina mama, na dalali aliwaonyesha kiwanja kizuri kando ya mto kwa bei iliyo chini kuliko zote walizozisikia. Tulikwenda kukiona. Nyasi zilikuwa za kijani hata katika ukavu ule, na mti wa mgunga ulitupa kivuli kizuri juu ya mawe. Mume alikuwa amekwisha kukipenda. Mkewe akamwuliza dalali mambo matatu: mwaka 2024 maji yalifika wapi, alama ya ukanda wa mto iko wapi, kwa kuwa kanuni za maji huacha ukanda usiopungua mita 6 na usiozidi mita 30, na nani aliyeuza kabla yake, na kwa nini. Dalali akasema maji yalikuja mara moja tu. Akasema alama zitawekwa. Swali la tatu hakulijibu, akapokea simu.

Tulirudi kwa mzee wa sukuma wiki. Akatupeleka kwenye kibanda cha mawe kilichobaki bila paa, akaweka kiganja chake ukutani, mahali rangi ya ukuta inapobadilika kutoka kijivu kuwa kahawia. Kiganja kilikuwa usawa wa kifua chake, na kibanda kile kiko juu zaidi ya ploti.

Usiku ule mume hakusema mengi. Alisema bei ile hawataipata tena, na alikuwa anasema kweli. Mkewe hakubishana naye. Alimwomba tu akalale pale usiku mmoja wa Aprili, yeye na watoto, kabla hajalipa. Walizungumza peke yao hadi usiku sana, nasi tuliwasikia sauti, si maneno. Asubuhi, baada ya chai, alimpigia dalali akamwambia hawachukui. Wanaendelea kupanga nyumba upande wa Lukenya, kwenye mwinuko, ambako maji ya kunywa hununuliwa kwa mikokoteni na kodi imepanda mara mbili tangu walipohamia.

Siku tuliyoondoka tulipita pale tukielekea stesheni. Ploti ilikuwa imekwisha kupata mwenyewe. Mafundi wawili walikuwa wakichimba mtaro wa msingi, hatua chache kutoka kwenye ukingo, na mwanamke aliyesimama chini ya mgunga akiwa na mtoto mgongoni alikuwa akiwaonyesha kwa mkono mahali pa kuweka jiko. Mwenyeji wetu aliomba gari lisimame. Alishuka, akamsalimia, na tukawaona wakitembea pamoja kuelekea kwenye kile kibanda kisicho na paa.